Ungeniambia, Ningepika Vyungu Viwili

Miye ni mtu mzima sasa, nafundisha watoto wa shule ya msingi. Lakini kuna kitu kidogo sana kinachoweza kunimaliza kwa dakika chache: karanga. Mnacheka? Chekeni tu, hata kwetu walicheka mwanzoni. Nataka niwasimulie mambo yaliyonipata nilipokuwa mwanafunzi mbali na nyumbani. Nayaandika juu ya vijana ambao kila mwezi wa 9 wanafunga mizigo kwenda kusoma katika mji mwingine, na juu ya wazazi wanaowasindikiza.

NYUMBANI MBAU

Nimezaliwa Mbau, kwenye barabara kubwa inayotoka Beni kwenda Oicha na Komanda. Toka Beni mpaka kwetu ni kilometa 20 hivi. Wanaopita kwa gari wanaijua Mbau kwa mafuta ya mawese na kwa kakao inayoanikwa juu ya mahema kando ya njia. Udongo wetu ni mzuri: ndizi, mihogo, mchele, maharagwe, vyote vinaota. Na karanga zipo kila mahali: za kukaanga, za kuchemsha, za kutwanga na kutiwa ndani ya sombe.

Mama anasema nilikuwa na miaka 2 hivi. Alikuwa anatwanga karanga, akanionjesha kidogo kwa kidole. Palepale midomo yangu ikavimba, macho yakafungika, na mwili wote ukatoka mapele makubwa kama mtu aliyeguswa na upupu. Wakanikimbiza kwa munganga. Yeye akauliza: «Mtoto amekula nini?» Kiisha akamwambia mama: «Mtoto huyu ana alerji ya karanga. Asile tena, hata kidogo.» Alerji ndiyo ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaiita mzio.

Toka siku ile mama alilibeba neno hilo. Aliwaambia majirani, shangazi zangu, mwalimu, hata mama aliyekuwa akiuza mikate mbele ya shule. Kwenye arusi na kwenye matanga wapishi walisema: «Huyu ni mtoto wa fulani, mumuwekee yake pembeni.» Miye nilikula na kucheza bila mawazo. Nilifikiri kwamba nimejua kuishi na alerji yangu. Kumbe si miye niliyekuwa nikiichunga. Ni mama.

NDANI YA CHUNGU KIMOJA

Tangu mwezi wa 10 wa mwaka 2014 mauaji yaliisumbua sana teritwari ya Beni. Wengi mnajua habari hizo, sitaki kuzirudilia. Kwetu masomo yalikatwa mara nyingi. Siku zingine tulikimbilia Oicha, siku zingine Beni. Mwaka 2018 baba akakata shauri: «Mtoto huyu atamalizia masomo Butembo.» Yaya yangu, ambaye anachimba dhahabu upande wa Mambasa, akatuma franka za minervali.

Butembo ni kilometa 54 kutoka Beni, juu milimani. Kwa sisi watu wa joto, baridi ya asubuhi kule ni kali. Tulikaa wasichana watano kwa mama mmoja mjane, ambaye alikuwa akiuza mikate ya kukaanga asubuhi. Tulilipa chumba, na kila juma tulileta unga, mafuta na maharagwe. Yeye alipika ndani ya chungu kimoja, nasi tulikula pamoja kwenye sahani moja kubwa.

Siku ya kwanza neno lilikuwa mdomoni mwangu: «Mama, miye sikulake karanga.» Lakini nikaona haya. Nilikuwa mgeni, na wenzangu wa mji walinitazama toka kichwa mpaka miguu. Nitaanzaje kuchagua chakula kwa nyumba ya watu, wakati wakimbizi wengine wa kwetu hawana hata bugali? Watasema najifanya mtoto wa tajiri. Basi nikanyamaza.

Walipopika sombe nilisema: «Miye sipendi sombe.» Kumbe naipenda sana, isipokuwa ile yenye karanga. Siku zingine nilisema tumbo linauma. Siku zingine nilisema nafunga. Miezi 8 ikapita hivi, nami nikajiona mwerevu.

SIKU YA POSHO

Ilikuwa siku ya posho moja ya mwezi wa 5, mwaka 2019. Mkumbuke wakati ule ulikuwa wa namna gani. Ebola ilitangazwa tarehe 1 ya mwezi wa 8 mwaka 2018 kule Mangina, karibu na Beni, ikafika mpaka Butembo. Haikutangazwa kwamba imekwisha mpaka tarehe 25 ya mwezi wa 6 mwaka 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2200. Ndoo za maji ya klore zilikuwa kwenye milango. Hatukusalimiana tena kwa mkono. Mtu akitapika tu, watu wanakimbia.

Saa ya kula, mama yule aliniita kwa uso wa furaha. Akasema: «Mwanangu, unasema hupendi sombe juu hawajakupikia muzuri. Leo nimekupikia weye. Onja.»

Sombe ile ilikuwa laini, yenye mawese mengi. Nikaiangalia, sikuona karanga. Lakini karanga iliyosagwa vizuri ndani ya sombe haionekani, kila mpishi anajua. Neno moja tu lingetosha: «Mama, umetia karanga?» Lakini kama ningeuliza hivyo, uongo wangu wa miezi 8 ungetoka nje. Nikaogopa pia kumvunja moyo. Nikala matonge mawili.

Kabla ya tonge la tatu, ulimi ukaanza kuniwasha, kiisha viganja vya mikono, kiisha kichwa chote. Midomo ikavimba. Koo ikawa nyembamba, na pumzi ikatoa sauti kama filimbi. Nikatapika. Miguu ikakosa nguvu, nikaanguka pale uani.

Wenzangu wakapiga kelele, majirani wakajaa. Mmoja akasema kwa sauti: «Ni karuho! Wamemupa karuho!» Kwetu Kivu karuho ni sumu, na mtu akianguka kisha kula, mara nyingi neno hilo ndilo linalotangulia. Mwingine akapaaza: «Musimuguse! Anatapika! Ni Ebola!» Watu wakarudi nyuma. Mwingine tena akaleta kikopo cha mawese, eti ninywe ili sumu ivunjike. Wangenimiminia mafuta mdomoni wakati pumzi yenyewe haipiti!

Mama mwenye nyumba alisimama, mikono kichwani. Nikaona watu wameacha kunitazama miye, wanamtazama yeye. Nikavuta kitenge chake, nikajikaza kusema: «Karanga... miye sikulake karanga.»

Akainamisha sikio, nikarudilia. Palepale akaelewa. Siku zile za Ebola, wakati wote wamesimama mbali, yeye peke yake alinishika, akanipangusa mdomo kwa kitenge chake na kuniinua. Motari wa kwanza alikataa kutuchukua. Wa pili alikataa. Wa tatu akakubali.

Kwenye kituo cha afya walituosha mikono kwanza, wakanipima joto. Homa haikuwako. Munganga akauliza kwa mbali: «Ilianza namna gani?» Mama akajibu: «Amekula karanga saa hii hii. Mwili wake hauzitaki.» Yeye akatazama mapele kwenye mikono yangu, akasikia pumzi yangu, naye hakukawia. Akanichoma sindano kwenye paja, upande wa nje. Ilikuwa adrenalini. Moyo ukapiga mbio, mikono ikatetemeka, na kisha dakika chache koo ikaanza kufunguka. Nikavuta pumzi. Sijasahau utamu wa pumzi ile mpaka leo.

Tulilala pale. Munganga alisema: «Hata ukijisikia vizuri, inaweza kurudi kisha saa chache. Bakia tukuangalie.»

KUNYAMAZA MARA YA PILI

Mnafikiri habari imekwisha? Hapana, ubaya ulikuwa bado mbele.

Tuliporudi, avenyu yote ilikuwa imejaa maneno: «Mama yule amemupa karuho mutoto wa Mbau.» Asubuhi mikate yake ilibaki ndani ya beseni. Wazazi walikataza watoto wao kuinunua. Wasichana wawili wakatoa magodoro yao, wakahamia kwingine. Mjomba wangu akapiga simu toka Beni kwa hasira, akiuliza jina la mwanamke huyo. Nanyi mnajua, kwa neno la namna hiyo mtu anaweza kupigwa, nyumba yake ikachomwa.

Na miye? Nililala kitandani, nimejifunika. Niliona haya kusema kwamba nilijua ugonjwa wangu tangu utoto na niliuficha. Nikafikiri maneno yatapoa yenyewe. Siku tatu nilinyamaza, na siku hizo tatu mama yule alikuwa akibeba kosa langu.

Siku ya tatu aliniletea uji. Hakuniuliza neno. Lakini kabla ya kunipa kikombe, alionja yeye kwanza mbele ya macho yangu, sawa mtu anayeonyesha kwamba hakuna sumu. Hakuna aliyemwomba kufanya vile. Nikalia mpaka nikashindwa kunywa.

Baba alipofika toka Mbau, nilimwomba awaite majirani pamoja na shefu wa avenyu. Nikasimama pale uani nilipoanguka, nikasema yote: alerji ya tangu utoto, uongo wa sombe, tumbo la uongo, kufunga kwa uongo. Nikasema: «Mama huyu hakunipa kitu kibaya. Alinipikia kwa upendo. Aliyeficha ni miye.»

Mzee mmoja akauliza: «Sababu gani hukusemaka?» Sikuwa na jibu. Ndipo baba alisimama, akasema: «Hata miye nina kosa. Nilimleta mtoto hapa na godoro, na unga, na franka. Sikuleta habari ya ugonjwa wake.»

Wengine walisadiki, wengine hapana. Uvumi ukishatoka hauokotwi wote. Ilipita miezi mingi mpaka watu wakarudi kununua mikate kwa wingi kama zamani. Lakini mama yule hakunifukuza. Alinishika mkono, akasema: «Mwanangu, ungeniambia, ningepika vyungu viwili. Kwani moto ni ule ule.»

SI KARUHO, SI EBOLA

Kiisha mambo hayo, nikaanza kuuliza waganga na kusoma. Nimejifunza hivi. Mwili wetu una walinzi wake wanaopigana na magonjwa. Kwa mtu mwenye alerji, walinzi hao wanakosea: wanaona kitu kisicho adui, kama karanga, kana kwamba ni adui, nao wanapiga vita ndani ya mwili. Ndiyo maana ngozi inavimba, koo inajifunga, damu inakosa nguvu ya kusukumwa. Chakula chenyewe ni kizuri. Wenzangu wanne walikula sombe ile ile, wakashiba.

Waganga wawili wa Ufaransa, Paul Portier na Charles Richet, waliona jambo hilo kwa mbwa na kulipa jina anafilaksia mwaka 1902. Kwa kazi hiyo Richet alipewa zawadi ya Nobel mwaka 1913. Jina lenyewe la alerji lilitolewa na munganga Clemens von Pirquet, wa Vienna, mwaka 1906. Basi si jambo la uchawi, wala la sumu. Pia haliambukizi: unaweza kulala chumba kimoja na mwenye alerji miaka mingi bila kupata kitu.

Si karanga tu. Wengine mwili wao unakataa samaki, mayai, maziwa, ufuta au soya ile inayotiwa katika uji wa watoto. Wengine ni kuumwa na nyuki. Wengine ni dawa, kwa mfano penisilini. Hao wanapaswa kumwambia munganga kabla ya kuchomwa sindano yoyote. Lakini msichanganye mambo: kikohozi cha siku nyingi cha mtu aliyefanya kazi katika vumbi la mawe ya mgodi kinaweza kuwa silikosi, na huo ni ugonjwa mwingine.

KWA WEWE UNAYEKWENDA KUSOMA

Kijana, pokea mashauri haya toka kwa mtu aliyeyalipa bei.

1. Sema siku ya kwanza. Usingoje kuzoeana. Mwambie anayepika, mwambie unayelala naye, mwambie mwalimu mmoja. Watu watatu wakijua, kutakuwa mmoja karibu siku ya shida. Na sema wazi: «Nikikula kitu hiki naweza kufa.» Usiseme «sipendi», kwa sababu asiyependa watu wanambembeleza, sawa vile nilivyobembelezwa miye.

2. Andika. Ndani ya daftari langu, pamoja na karata ya shule, nilitia karatasi: jina langu, alerji yangu, nambari ya simu ya baba. Ukiwa huwezi kusema, karatasi itasema.

3. Uliza kila mara, hata kwa mpishi unayemjua. Uliza pia juu ya kijiko na mafuta. Mwiko uliokoroga sombe ya karanga ukiingia katika maharagwe, maharagwe hayo si yako tena. Kwenye karamu usiyoijua, kula kwanza nyumbani, au beba ndizi zako. Si aibu.

4. Jua mapema kituo cha afya kilicho karibu, na uliza kama wana adrenalini. Katika nchi za Ulaya na Marekani, wengi wenye alerji kali wanatembea na sindano yake iliyotengenezwa kama kalamu. Miye sijapata kuiona katika farmasi za kwetu. Lakini adrenalini ya kichupa, ile inayochomwa na munganga, ni dawa ya hospitali ya siku nyingi. Vidonge vya alerji vinasaidia mwasho na mapele. Koo ikianza kujifunga, vidonge havitoshi.

5. Kama una pumu pia, ongeza uangalifu. Pumu na alerji ya chakula zikikutana, hatari inakuwa kubwa zaidi.

Na ninyi mnaokaa na mwenye alerji, siku akishikwa: msimpe mawese, wala maziwa, wala dawa ya miti. Mlazeni, miguu juu kidogo. Lakini kama pumzi ndiyo inayomsumbua, mwacheni akae. Msimtembeze kwa miguu. Mpelekeni mbio kwa munganga, na mseme alichokula. Na kabla ya kutaja karuho, ulizeni kwanza: «Kuna chakula mwili wake unachokataa?» Swali hilo linaweza kuokoa wawili, aliyeanguka na aliyepika.

KWA WAZAZI

Ninyi baba na mama wa Kolwezi, wa Likasi, wa Mongbwalu na kwingineko katika makambi na machimbo, mtoto wenu akienda internati au kwa ndugu, mnahesabu shuka, sabuni, madaftari. Hesabuni na hili. Andikeni barua fupi kwa atakayempikia. Lakini barua peke yake haitoshi. Tangu akiwa na miaka 6 au 7, mfundisheni mtoto kusema kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya wageni, bila haya. Mama yangu alinipenda sana kwa kusema kwa ajili yangu. Ila hakuna mama anayeweza kukaa kila siku karibu na kila chungu.

Yaya yangu aliposikia habari hii, alicheka kidogo kiisha akanyamaza. Akaniambia kwamba kwenye machimbo wanakula watu kumi kwenye beseni moja, na kuna mwenzao ambaye kila wakipika samaki anakwenda kukaa peke yake, nao wanamwita mwenye kiburi. «Kumbe sikumuulizaka,» akasema. Aliporudi kule alimuuliza. Mwenzake alikuwa na alerji ya samaki.

Miye nikipita Butembo, siwezi kukosa kwenda kwa mama yule. Anaweka mafiga pembeni, vyungu viwili: kimoja cha wote, kingine kidogo, na mwiko wake peke yake. Sombe yake isiyo na karanga ni tamu kabisa. Ningeijua tangu mwezi wa kwanza, kama ningefungua kinywa.